Rundo Moja

Sydney, Mei 2025

Dada yangu mpendwa,

Nakuandikia kutoka magharibi ya Sydney. Jumamosi tarehe 3 niliwasindikiza wenyeji wangu kupiga kura, nikawasubiri nje ya shule ya msingi penye moshi wa soseji na vitunguu. Mama mwenye nyumba, mzaliwa wa Kigoma, alivaa kitenge kipya. Ilikuwa kura yake ya kwanza tangu apate uraia.

Huku kupiga kura ni lazima tangu sheria ya 1924. Asiyefika bila sababu ya maana hutozwa faini ya dola 20. Uchaguzi wa 1922 waliojitokeza hawakutimia asilimia 60. Wa 1925 wakapita 91.

Mwanawe ndiye aliyetangulia kutoka. "Sikuandika kitu," akaniambia. Kodi ya pango inamla mshahara, na hakuna mgombea aliyemwamini. Sheria inamtaka aijaze karatasi, lakini nani atajua? Kura ni siri, na siri hiyo makoloni ya Victoria na South Australia yaliiweka mapema, mwaka 1856. Kuhimiza wengine wasijaze karatasi kama sheria inavyotaka ndiko kuliwahi kuwa hatari: mwaka 1996 mwanaharakati Albert Langer alifungwa kwa kukaidi amri ya mahakama iliyomkataza kuwafundisha wapiga kura namna ya kupiga kura isiyovifaidi vyama vikubwa.

Kisha akaja mama, uso unang'aa. Kwenye karatasi ya kijani, ya wabunge, ameweka alama ya vema kwa mgombea mmoja, kama tunavyofanya nyumbani. Dada, moyo ulinishuka. Huku unapanga wagombea wote kwa nambari, 1 hadi wa mwisho. Vema peke yake huiharibu kura.

Mwaka 2019 kura zilizoharibika nchini kote zilizidi asilimia 5. Katika Blaxland na Fowler, majimbo ya huku yenye wahamiaji wengi, zilivuka 10. Ngapi ni hasira na ngapi ni vema ya mtu aliyekuja kwa nia njema? Ndiyo maana naona hasira ya kijana imepotea bure. India tangu 2013 mpiga kura ana mahali pa kusema simtaki hata mmoja, na anahesabiwa. Ningependa huyu naye apewe.

Usiku tulimweleza mama. Alinyamaza kidogo, kisha akamgeukia mwanawe: "Kwa hiyo yangu na yako zimewekwa rundo moja?"

Kijana aliinama, hakumjibu.

Wasalimie wote,
Ndugu yako