Mgeni Asiyebisha Hodi



Nimesitasita kuliandika jambo hili mahali ambapo tumezoea kujadili vina, mizani na asili ya maneno. Mwishowe nimeona linastahili, kwa kuwa chanzo chake ni kifaa kidogo cha umeme, lakini kidonda chake ni cha lugha.

Mama yangu anaishi kijijini, mbele kidogo ya Chala, kwenye uwanda wa juu wa Ufipa. Mimi ninafundisha Sumbawanga mjini. Umri umemchukulia masikio: akiweka simu sikioni husikia mvumo tu, kama upepo unaopita katika mahindi makavu. Mwaka juzi nilimnunulia kamera ndogo inayotumia laini ya simu na umeme wa jua, fundi akaifunga barazani, juu ya mlango. Sikuitaka kwa ajili ya wezi. Niliitaka kwa sababu ya spika yake, ambayo sauti yake ilifika hadi shambani. Kila jioni, saa kumi na mbili unusu, nilifungua programu yake katika simu yangu, nikabonyeza kitufe, nikamwamkia mama. Naye alikuwa ameshavuta kigoda chake, akisubiri.

Siku ya kwanza nilianza kuzungumza bila kutanguliza lolote. Alishtuka, ungo ukamponyoka, ulezi ukamwagika barazani. Alipotulia aliitazama ile kamera akasema, "Mwanangu, hata ukiwa ukutani, bisha hodi." Tangu hapo sikuacha. Nilisema "Hodi," yeye akajibu "Karibu," ndipo mazungumzo yakaanza.

Usiku mmoja wa Februari, mvua ikinyesha, kamera ile ilijisasisha. Sikuulizwa, baadaye niligundua kwamba ruhusa nilikuwa nimeitoa siku ile ya kwanza, nilipokubali masharti marefu ambayo, kama wengi wetu, sikuyasoma. Kifaa kilijizima, kikajiwasha, kisha kikatangaza habari zake kwa spika ile ile iliyofika shambani. Ilikuwa sauti ya mwanamke, saa nane za usiku, ikisema kwa Kiingereza, ikarudia, ikarudia tena. Mama, ambaye sauti ndogo hazimfikii, aliisikia hiyo. Majirani nao waliisikia.

Wenyeji wa huku watanielewa upesi. Jina Sumbawanga lenyewe, kwa maelezo tuliyoyapokea kwa wazee, ni agizo la Kifipa la kutupa uchawi. Ni jina la heshima, ingawa wageni hulifanyia mzaha, na mzaha huo tumeuzoea. Tusichoweza kukizoea ni mnong'ono unaoanza kumzunguka mjane mzee anayeishi na mjukuu mmoja, ambaye barazani kwake imesikika sauti ya mwanamke asiyeonekana, akinena lugha isiyojulikana. Katika nchi yetu wanawake wazee wameuawa kwa mnong'ono mdogo kuliko huo.

Mimi, mjini, sikujua lolote. Jioni yake nilipofungua programu, haikunitambua. Ilidai nijiandikishe upya, na namba ya uthibitisho ikatumwa kwenye laini ya simu niliyoipoteza zamani. Nilijaribu kila njia niliyoijua, nikashindwa. Nikampigia simu mjukuu, nikamwomba amweleze bibi yake kwamba mashine imeharibika. Alimweleza. Lakini taa ndogo ya kijani ya kamera iliendelea kuwaka, na kwa mama, nyumba yenye taa ina mtu ndani.

Nilifika siku ya tisa, matope yakiwa yamenipanda hadi magotini. Mama alinipokea kwa utulivu ulionitisha.

"Kila jioni nimekaa hapa nikasema karibu," aliniambia. "Nilidhani labda utaratibu umebadilika, sasa ni mimi ninayetakiwa kuanza."

Kisha, kwa sauti ya chini ambayo si kawaida ya mtu asiyesikia vizuri, akaongeza: "Na watu wananiuliza yule mwanamke ni nani."

Kesho yake nilimwomba mwenyekiti wa kitongoji awaite majirani. Niliishusha kamera ukutani, nikaiweka juu ya meza, nikaizima na kuiwasha mbele yao ili sauti ile isikike mchana kweupe. Nikaitafsiri sentensi moja baada ya nyingine: ninaanza upya, nimemaliza, niunganishe na mtandao. Hayo tu. Watu wakacheka, kwanza kwa woga, kisha kwa haki. Maneno yenyewe hayakuwa na ubaya wowote. Kama yangesemwa kwa Kiswahili usiku ule, mama angegeuka upande wa pili akaendelea kulala.

Mzee mmoja aliyekaa nyuma hakucheka. Alisema, "Jembe langu likiwa butu ninalipeleka kwa mhunzi mwenyewe. Mhunzi haji usiku kulichukua nikiwa nimelala." Hakuwa anatafuta mithali. Huku Ufipa mabaki ya malungu, zile tanuu ndefu za udongo ambazo babu zetu waliyeyushia mawe ya chuma kwa nguvu ya hewa iliyojivuta yenyewe bila mivukuto, bado yanaonekana mashambani. Mzee yule anatoka katika watu waliojua chombo chao kimetoka wapi, na wa kumuuliza ni nani.

Nilirudi mjini nikiwa na swali la mwalimu wa lugha. Kabla ya usiku ule, programu ya kamera ilikuwa na Kiswahili. Hakikuwa cha kujivunia. Kitufe cha kuzungumza kiliandikwa "Ongea Nyuma," na kamera ikizimwa ilisema "Kifaa kimelala usingizi." Nilikuwa nikiwasomea wanafunzi wangu vituko hivyo ili wacheke. Nilipofaulu hatimaye kujiandikisha upya, nikaipekua orodha ya lugha. Imepangwa kwa majina ya Kiingereza, kwa hiyo nafasi yetu ni kati ya Kihispania na Kiswidi. Nikakikuta Kihispania, kilichofuata ni Kiswidi. Kati yao hapakuwa na kitu.

Sina kinyongo na Waswidi. Wazee wa tovuti kama hii watakumbuka kwamba mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na Waswidi hao hao, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili tangu menyu hadi maonyo yake. Watu walikaa wakabishana neno kwa neno. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, ikiwataja wasemaji zaidi ya milioni 200. Lugha yenye watu wengi kiasi hicho iliondolewa ukutani kwa mama yangu usiku mmoja, na hakuna aliyeona haja ya kutuarifu. Ndipo nilipotambua kwamba hata kile Kiswahili nilichokicheka kilikuwa na kazi. Kilikuwa mguu mmoja mlangoni.

Nisije nikaonekana ninapinga kila kilicho kipya. Sote tunakumbuka mwaka 2024, tulipotakiwa kuboresha mita za LUKU. Sababu yake ilikuwa ya kihesabu. Kila namba ya kununulia umeme hubeba muhuri wa wakati, ambao ni hesabu ya dakika tangu tarehe 1 Januari 1993. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo hutosha takribani dakika milioni 16.7, yaani karibu miaka 32, nayo ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024, Tanzania na kwingineko duniani kote mita za mfumo huo zilikofungwa. Baada ya siku hiyo mita isiyoboreshwa isingepokea umeme mpya. TANESCO ikatangaza, kwa Kiswahili, kwamba mteja atakaponunua umeme atapata makundi matatu ya tarakimu 20: aingize la kwanza, kisha la pili, ndipo la tatu lenye uniti zake.

Nyumbani kwangu binti yangu alisoma tarakimu zile kutoka kwenye simu, nami nikabonyeza. Alizisoma nne nne, akipumua kila baada ya nne, na kwa wanaohesabu mizani hata usingizini haikuwezekana kutosikia kipande cha shairi ndani yake. Tarakimu 60, makundi 15 ya nne nne. Ilikuwa kazi ya kuchosha, na jirani yetu mzee tulimbonyezea sisi. Lakini mita ilibaki vilevile hadi kidole cha mwenye nyumba kilipoigusa. Tuliambiwa nini kinakuja, kwa nini, na lini.

Tuna maneno matatu kwa kitendo hiki, na siku hizi ninayapima. La kwanza ni kusasisha, lililoundwa kutokana na "sasa": kukifanya kitu kiwe cha sasa. La pili ni kuboresha, kutokana na "bora". La tatu, ambalo ofisi za serikali hulipenda, ni kuhuisha, lenye uhai ndani yake. Watengenezaji wa kamera ile waliisasisha, hilo sibishi. Ilikuwa ya sasa kuliko ilivyokuwa jana. Kama waliiboresha, sijui ni kwa ajili ya nani. Kuhusu kuhuisha, sauti pekee iliyokuwa hai katika kifaa kile ilikuwa ya mama akisema karibu, nayo ndiyo waliyoikata. Tunayatumia maneno haya kana kwamba ni pacha. Ninapendekeza tuyatenganishe, tusimpe mtu sifa ya "kuboresha" kabla mwenye nyumba hajasema.

Usiku wa siku ile ya mkutano, nikiwa nimelala chumba cha uani nikisikiliza mvua, niliandika ubeti huu:

Mgeni aliye mwema, hubisha kwanza kwa hodi,
Hungojea kwa heshima, hata baridi izidi,
Wewe wapita kwa nyuma, usiku bila ahadi,
Sauti umeizima, ni nani ataifidi?

Kamera imerudi ukutani. Nilitamani kuitupa, mama akakataa. Alisema kosa la mgeni halifungi mlango wa nyumba. Nimezima kitufe cha kujisasisha yenyewe. Najua siwezi kukizima milele, kwa sababu masasisho mengine huziba matundu ambayo wezi wa mtandao hupitia, na kamera inayotazama baraza la mama si kitu cha kuachia matundu. Kwa hiyo ninaisasisha kwa mkono, nikiwa pale, mchana.

Mwezi uliopita nilifanya hivyo kwa mara ya kwanza. Mjukuu alitangulia kuwaarifu majirani. Nikamwambia mama kwamba kifaa kinataka maarifa mapya, kitasema Kiingereza kidogo, kisha kitanyamaza. Akavuta kigoda. Sauti ya mwanamke ikasema yake mara tatu. Mama akasikiliza hadi mwisho, kisha akaitikia, "Karibu," akanigeukia: "Angalau leo amekuja mchana."

Kiswahili bado hakijarudi katika orodha. Nimewaandikia watengenezaji barua, nikaambatisha maneno arobaini niliyoyapanga mwenyewe, "Zungumza" likiwa badala ya "Ongea Nyuma." Hawajajibu. Lipo moja ambalo sikulimaliza, nami ninawaachia ninyi mnaojua kupima maneno. Kifaa kinachotaka kujizima ili kijisasishe kimwambie nini mwenye nyumba? Mimi nimeandika: "Hodi. Ninaomba kujizima kwa dakika tano." Mama anasema ni refu mno, "hodi" peke yake inatosha, mengine atauliza yeye.