Soksi za Mtoto Mchanga
Mama wa kisiwa cha Nkombo, wilayani Rusizi, avukapo Ziwa Kivu kwenda sokoni Kamembe humwacha mtoto nyumbani. Mchuuzi humwuliza miezi. Lakini miezi haipimi mguu. Afadhali autwae uzi, apime toka kisigino hadi ncha ya kidole gumba, aukate, aende nao. Ziwa liko yapata mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, usiku una ubaridi, na wengi huchagua soksi ya kubana ili isichopoke. Hiyo ndiyo ya kuogopwa: mpira uachao alama umekaza mno. Tena igeuzwe nje ndani kabla ya kuvishwa. Uzi uliolegea huweza kujizungusha kidoleni ukazuia damu, naye mtoto hulia tu, asijue kusema ni wapi.