Kidogo Hakisamehe Kosa



Wahenga walinena ya kuwa haba na haba hujaza kibaba. Sisi tulioishi kwa mshahara wa kambini twaufahamu usemi huo vizuri, maana ndio uliotusomeshea watoto. Lakini una upande wa pili usiotajwa mara nyingi: palipo na haba, kosa dogo huwa kubwa. Mwenye gunia la mahindi akimwaga kikombe kimoja hajali. Mwenye kibaba akimwaga kikombe hicho hicho, watoto wake watalala njaa. Jambo hili nililiona likipimwa kwa mizani, tena mbali na kwetu, juu ya meza ya mzee mmoja aliyekuwa akijitengenezea bunduki.

Mimi ni fundi wa silaha mstaafu wa jeshi la Uganda. Kwa miaka 22 kazi yangu ilikuwa kukagua, kusafisha na kutengeneza bunduki za askari wenzangu. Risasi zilitufikia ndani ya masanduku, zimehesabiwa na kutiwa sahihi, wala hatukuwa na haja ya kujiuliza ni mkono gani uliozijaza baruti. Majira ya baridi ya mwaka 2016 nilikwenda Ogden, katika jimbo la Utah nchini Marekani, kumwona mjukuu wangu, kwa kuwa binti yangu ni muuguzi huko. Jirani yake, mzee aliyestaafu kazi ya reli, alipopata habari ya kazi yangu ya zamani alinikaribisha katika karakana yake. Theluji ilikuwa imetanda nje, nami sikuwa na shughuli. Basi kila siku baada ya chakula cha mchana nikawa huko.

Ogden si mji mgeni kwa watu wa silaha. Ndiko alikozaliwa John Moses Browning mwaka 1855, mwana wa fundi wa bunduki. Askari wengi wamjua kwa ile bombomu nzito ya milimita 12.7 inayotumika katika majeshi mengi hadi leo. Lakini bunduki yake ya kwanza kupata hataza, mwaka 1879, ilikuwa ya risasi moja tu. Mtumiaji huvuta wenzo chini, na kipande cha chuma kinachoziba nyuma ya kasiba hushuka kama mlango. Hutia risasi kwa vidole, kisha hurudisha wenzo na mlango ukafunga. Kampuni ya Winchester ilinunua haki ya kuitengeneza mwaka 1883, ikaitoa sokoni mwaka 1885.

Mzee yule alikuwa na mwili wa bunduki ya aina hiyo, ambao kasiba yake ilikuwa imeliwa na kutu. Fataki za zamani zilikuwa na kemikali iliyoacha chumvi ndani ya kasiba, na chumvi huvuta unyevu. Bunduki ikilala siku chache bila kuoshwa, huharibika. Alinunua kasiba mpya, akaikereza, akaikatia chumba cha risasi iitwayo .22 Hornet. Jina hilo maana yake ni nyigu. Risasi hiyo ilibuniwa katika miaka ya 1920 na maofisa na mafundi wa karakana ya serikali ya silaha huko Springfield, Massachusetts. Winchester walianza kuuza risasi zake mwaka 1930, kabla kiwanda chochote hakijauza bunduki yake. Kwa hiyo walioitaka walilazimika kujitengenezea au kubadilisha bunduki za zamani. Mzee alikuwa akifuata njia ya watangulizi wake.

Nyigu huyu ni mdogo kweli kweli. Kichwa cha risasi kina upana usiofika milimita 6, na uzito wa greni 45, yaani gramu 3 hivi. Hutoka kasibani kwa mwendo wa mita 800 na zaidi kwa sekunde. Michirizi ya kasiba hukizungusha mara moja katika kila inchi 16, hivyo kikitoka huwa kinazunguka kama mara 2,000 kwa sekunde moja. Mzunguko huo ndio unaokifanya kiende sawa bila kupinduka hewani. Wafugaji wa huko huitumia risasi hiyo kwa wanyama wadogo wanaochimba mashimo malishoni.

Kabla ya kutia hata risasi moja, mzee alikuwa na vipande viwili vya chuma vya kupimia nafasi ya chumba. Kwa cha kwanza, mlango wa bunduki ni sharti ufunge. Kwa cha pili, ambacho ni kinene kidogo tu, mlango ni sharti ukatae. Ukikubali vyote viwili, nafasi ni kubwa mno, na ganda laweza kupasuka. Nilipenda sana kipimo hicho, kwa kuwa kinamtaka fundi ajue mahali pa kukubali na mahali pa kukataa.

Kisha ikaja kazi ya kujaza. Maganda yaliyokwisha kutumika aliyasafisha, akayakagua moja moja kwa tochi, na lililokuwa na ufa akalitupa. Aliyarudishia umbo katika kalibu, akayapima urefu, akatia fataki mpya. Juu ya meza palikuwa na kopo moja tu la baruti, ili aina mbili zisichanganyike. Kiasi alikifuata katika kitabu cha watengenezaji wa baruti, akaanza chini na kupanda polepole.

Hapo ndipo nilipoelewa hesabu ya udogo. Ratili moja ina greni 7,000, na Nyigu hupokea baruti isiyofika gramu moja. Tuseme kwa mfano ni greni 12. Fundi akikosea nusu greni, amekosea asilimia 4. Nusu greni hiyo hiyo, katika bunduki kubwa inayopokea greni 50, ni asilimia 1 tu. Ganda kubwa husamehe; dogo halisamehi.

Siku moja simu ililia wakati amekwisha kujaza maganda kama thelathini. Aliporudi hakuwa na hakika alikomea wapi. Aliyaangalia kwa tochi, na kwa macho yangu ya kifundi yalikuwa sawa. Yeye aliyamwaga yote, akaanza upya. Nilimwambia kuwa huenda hakuna hata moja lililokosewa. Akajibu, “Huenda. Lakini uso ulio karibu na mlango huu ni wangu.” Mwezi wa tatu tulikwenda uwanja wa shabaha, naye akapiga risasi tano kwa umbali wa yadi 100. Matundu yote matano yangefunikwa na sarafu yetu ya shilingi 500.

Kwetu pia jambo hili lina historia. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mskoti W. D. M. Bell aliwinda tembo Karamoja kwa bunduki ya milimita 7, wakati wenzake walibeba mizinga ya mabegani. Hatusifu mauaji yale, maana tembo wengi waliangamia. Lakini hakutegemea bahati: alipasua mafuvu ya tembo ili ajue ubongo ulipo. Aliyechagua kidogo alilazimika kujua zaidi.

Majira hayo hayo kijana wangu, konstebo wa polisi huko Moroto, alinipigia simu akitaka ushauri. Alikuwa akitaka mkopo wa kununua pikipiki, ambao ungekata nusu ya mshahara wake kwa miaka mitatu. Kukopa si dhambi, na tajiri aweza kukopa, akakosea, akaamka kesho. Nilimwambia aketi na mkewe, waandike kila kitu: karo, posho, dawa, nauli ya likizo. Kisha waulize: mtoto mmoja akilazwa hospitali, mlango utafunga? Walipiga hesabu usiku kucha. Mlango haukufunga. Walijiunga na chama cha akiba, na baada ya miezi 14 wakanunua pikipiki iliyotumika kwa fedha taslimu.

Ndugu askari, simshawishi mtu ajifungie nyumbani na kopo la baruti. Sheria yetu ya Silaha ya mwaka 1970 hairuhusu mtu kuwa na bunduki bila leseni, na silaha ya serikali ina risasi zake. Mizani ninayoisifu ni ile iwezayo kukaa katika kila nyumba: daftari, kalamu, na mume na mke wanaoambiana ukweli. Wasipokuwa na hakika walikomea wapi, wasione haya kumwaga yote na kuanza upya.