Kompyuta ya Ami

Ami yangu aliinunua mwaka 1984 mjini Coventry, kwa mshahara wa gereji: Sinclair ZX Spectrum ya kilobaiti 48, nyeusi, ndogo kama daftari, yenye vitufe 40 vya mpira wa kijivu. Mimi nilikuwa na miaka 11, nimefika kutoka Mombasa miezi michache tu, na Kiingereza bado kinanikwama mdomoni. Ile mashine haikujali. Ukibonyeza P inakuandikia PRINT, neno zima. Ukibonyeza J, LOAD. Amri zake nilizijua zote kabla sijayajua majina ya nusu ya darasa langu.

Programu tulizipakia kwa redio kaseti ile ile ambayo Ami alisikilizia taarabu. Ukibonyeza kitufe cha kucheza, mlio mrefu unatoka, na pembezoni mwa kioo cha televisheni inapita michirizi mipana ya nyekundu na samawati. Kisha mlio unakuwa wa kukwaruza, michirizi inageuka myembamba ya buluu na njano. Hapo ujue data inaingia. Programu kubwa ilichukua kama dakika tano, na mtu akigusa sauti ya redio mnaanza upya. Nyumba nzima ilijifunza kutembea polepole.

Mwaka 1987 ikafa. Badala ya kioo cheupe na ule mstari wa maandishi chini, ikawa inaleta mistari ya wima na miraba. Tuliipeleka duka moja mjini; wakaiwasha, wakaizima, wakasema haifai kutengenezwa, tununue nyingine. Ami hakubishana nao. Njiani akaniambia, “Mwanangu, kitu alichokitengeneza mtu, mtu atakitengeneza.” Akaifunga kwa kipande cha leso ya mkewe, akaiweka chini ya ngazi.

Ilikaa pale miaka 16. Nilipokwenda kuiomba, mwaka 2003, nilikuwa na kazi na familia, na nilijua kulehemu kidogo. Nilipoinua kifuniko, utando wa kibodi ulikatika mikononi. Plastiki yake huwa kavu kama jani la ndizi la jana. Hilo halikunishangaza. Kilichonifunza ni umeme wake. Chipu nane zinazobeba kilobaiti 16 za mwanzo zinataka umeme wa namna tatu: volti 5, volti 12, na hasi 5. Hizo mbili za mwisho zinatengenezwa palepale kwenye bodi, na koili ndogo pamoja na transista iliyoandikwa TR4. Sehemu hiyo ikiharibika, hasi 5 ikapotea huku 12 ingalipo, chipu zinaungua. Mimi nilianza na chipu. Nikazing'oa, nikatia nyingine, nikawasha, na jioni ile ile zikaungua nazo. Nilipompigia simu Ami aliniuliza neno moja: “Ulipima?”

Sikuwa nimepima. Akanipa mita yake ya gereji. Nikabadilisha TR4, nikabadilisha koili, nikapima hadi hasi 5 ikasimama, ndipo nikatia chipu, safari hii juu ya soketi. Kioo kikawa cheusi, kikawa cheupe, mstari ukatokea chini. Ami akavuta kiti, akabonyeza J.

Tangu hapo sikuacha. Miaka ile Spectrum mbovu uliipata kwa pauni chache kwenye masoko ya Jumapili, na nilizitendea kama magari ya skrepa: nang'oa hii nitengeneze ile. Televisheni mpya zilipokuwa tabu kupokea picha kwa njia ya antena, nilikata waya ndani ya kile kisanduku cha bati kinachogeuza picha kuwa mawimbi, nikatoboa kasha kwa drili nipitishe soketi ya video. Picha ilikuwa safi kweli. Lakini tundu halizibiki, na lile kasha alilolichora Rick Dickinson hakuna kiwanda kitakachonirudishia kama lilivyotoka. Leo silitoboi la mtu yeyote. Naongeza tu kitu ambacho anayekuja baada yangu anaweza kukitoa: waya uliolehemiwa, chipu ya soketi, kifaa cha memori kadi kinachochomekwa nyuma. Kapasita nabadilisha bila kusita. Zile zinakauka, na kuzihifadhi ni kuua mashine.

Upande wa kuandika programu ndio uliobadilika zaidi. Utotoni nilitumia kitabu kilichokuja na mashine, ambacho nyuma kina jedwali la misimbo ya Z80, chipu inayoiendesha Spectrum. Naandika kwa penseli, natafuta namba moja moja, naziingiza kwa amri ya POKE. 201 ni “rudi”. Ukiisahau, mashine inaganda, umeme unakatwa, kazi yote imepotea. Sasa naandika kwenye laptopu, faili inakwenda kwenye memori kadi, na kilichochukua dakika tano kinapakiwa kwa sekunde chache. Siitamani ile kaseti. Penseli ndiyo niliyorudi kuichukua, kwa sababu nikiandika moja kwa moja kwenye laptopu najaribu mara mia bila kusoma nilichoandika.

Ninachoandika sasa ni bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na inapendeza jinsi linavyoikaa Spectrum: kila shimo baiti moja, basi baiti 32 tu zinabeba ubao mzima. Kioo kina nafasi 32 za herufi kwa upana, kwa hiyo mashimo manane ya safu yanapata nafasi nne nne bila kubaki. Ugumu ni rangi. Kila mraba wa nukta nane kwa nane unaruhusu rangi mbili tu, ya mbele na ya nyuma, kwa hiyo kete, shimo na mbao haviwezi kukutana katika mraba mmoja. Nimechora nyumba, lile shimo kuu la kila mchezaji, mara sita. Ami, ambaye alicheza bao kweli barazani, hakuikubali mpaka ya sita.

Mwaka 2024 Zilog walifunga oda za Z80, chipu iliyokuwa sokoni tangu 1976. Nimeweka chache kwenye kopo, na moja imo ndani ya mashine ya Ami, ile ile ya kwanza, haijawahi kubadilishwa.

Ukiwa na Spectrum kabatini, tafadhali usiichomeke kwanza. Chukua mita, pima adapta. Ya Spectrum ni ya volti 9, na ncha ya ndani ya plagi ni hasi, kinyume na adapta nyingi za leo. Ukikuta ya ndani ni chanya, hiyo si adapta yake, iweke kando.