Nukta Zinazokwenda

Neno sinema likitajwa mbele ya mwalimu wa chuo, desturi ni kukunja uso. Hatusemi kwamba uso huo hukunjwa bure. Lakini katika mengi wayatazamayo watoto wetu kwenye simu, iko sanaa moja isiyo na mtu, wala mnyama, wala kisa: ni mistari, nukta na herufi zilizofanywa zikawa zinakwenda. Twapenda kuiandika habari yake, kwa kuwa imetufaa katika kazi yetu ya kufundisha alifu be te.

Mpwa wetu hutengeneza matangazo kwa kompyuta, na michoro hiyo iendayo ndiyo riziki yake. Tulipomwuliza ameipata wapi elimu hiyo, alisema, "Mjomba, keti nikuonyeshe kazi ya mzee wetu katika fani hii." Akatuonyesha kazi ya John Whitney, Mmarekani wa California, aliyezaliwa mwaka 1917 na kufa mwaka 1995.

Habari ya mtu huyu ni ya ajabu. Baada ya Vita Kuu ya Pili vyombo vingi vya jeshi viliuzwa kwa kuwa havikuhitajiwa tena. Whitney akanunua mtambo uliokuwa ukihesabu mwendo wa ndege ili mizinga iliyo chini ipate kuilenga, akaufungua, akaugeuza, ukawa chombo cha kuchorea mbele ya kamera. Kilichoundwa kwa ajili ya kuwaangusha watu kutoka angani kikawa kinachora duara na mapinde! Mwaka 1958 alichora ile mizunguko ionekanayo mwanzoni mwa filamu iitwayo Vertigo, akishirikiana na Saul Bass, na mwaka 1960 akaanzisha kampuni aliyoiita Motion Graphics, maana yake michoro iendayo.

Kazi iliyotushika sisi ni filamu yake ya mwaka 1975, ya dakika saba hivi, aliyoifanya kwa kompyuta. Jina lake ni Arabesque, nalo ndilo jina ambalo Wazungu huziita nakshi zetu za misikitini na vitabuni. Hamna ndani yake ila nukta na mistari ya mwanga ikijikunja na kujikunjua. Muziki wake hupigwa kwa santuri, si ile sahani ya gramafoni tuijuayo, bali kinanda cha Kiajemi chenye nyuzi zigongwazo kwa vijiti. Tulimwomba mpwa wetu aiondoe sauti, tukatazama kimya.

Kanuni ya Whitney, aliyoieleza katika kitabu chake Digital Harmony cha mwaka 1980, ni nyepesi hata mtoto aweza kuifahamu. Zipange nukta katika mstari mmoja kutoka katikati kwenda nje, kisha uziache zizunguke. Kwa muda ule ule mmoja, ya kwanza izunguke mara moja, ya pili mara mbili, ya tatu mara tatu, na kuendelea hivyo. Mara hutawanyika, na mtazamaji hudhani kuwa zimepotea. Lakini nukta ya kwanza ifikapo nusu ya njia yake, zenye hesabu ya shufwa huwa zimerudi mahali pa mwanzo, na zenye hesabu ya witiri zimekabiliana nazo upande wa pili, safu mbili zilizonyooka. Ikifika thuluthi ya njia, huonekana safu tatu. Robo, safu nne. Hakuna aliyeziamrisha zijipange. Hesabu ndiyo izipangayo.

Tulipoyaona hayo tulimkumbuka Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, ambaye anahesabiwa kuwa ndiye aliyeziwekea herufi za Kiarabu vipimo. Kipimo chake kilikuwa nukta moja ya kalamu: alifu ni nukta kadhaa kwenda juu, na alifu hiyo ndiyo kipenyo cha duara ipimiayo herufi nyingine.

Basi tukaanza jambo jipya chuoni. Kabla mtoto hajaandika herufi, twaiandika ubaoni polepole, na darasa zima laufuata mkono wetu kwa kidole hewani. Alifu yetu twaipima kwa nukta tano za chaki. Palikuwa na binti mmoja aliyeichanganya ghaini na fe zikiwa katikati ya neno, kwani zote mbili zina nukta moja juu. Alipoufuata mwendo alizitenga: mkono wa fe huzunguka mviringo, na wa ghaini hukata juu bapa kisha ukashuka. Sasa yeye ndiye awaonyeshaye wenzake.

Hata hivyo si wazazi wote walioridhika. Baba mmoja alitujia baada ya sala ya alasiri akasema, "Maalim, mwanangu nimemleta asome Kurani, sikumleta kuchezesha vidole hewani. Nasikia mambo haya yametoka katika sinema." Tulimweleza kwamba simu haiingii chuoni mwetu, na kwamba herufi zilikuwa na mwendo tangu siku ya kwanza mtu aliposhika kalamu. Alitusikiliza kwa adabu, akatushukuru, na kesho yake mtoto hakuja.

Tumekwenda kwake mara mbili. Mara ya pili alituuliza habari za Ibn Muqla, tukakaa naye barazani mpaka karibu na magharibi, lakini juu ya mtoto hakutoa neno. Nafasi ya kijana huyo mkekani hatujampa mwingine.