Mezali husikiwa mbele ya kusomwa



Sisi wengi tuliosoma sekondari hapa Kongo tulifundishwa mapambo ya lugha kwa Kifaransa. Mwalimu aliandika ubaoni neno "aliterasio", maana yake konsonanti moja kurudi-rudi katika mustari. Mufano ulikuwa ule mustari wa Racine karibu na mwisho wa Andromaque (1667), mahali sauti ya s inarudi mpaka unasikia nyoka. Tukaandika, tukakariri, tukafaulu mutihani. Hakuna aliyetuuliza kama muzee wa nyumbani hafanyi vilevile kila siku akitoa mezali. Ndiyo sababu wengi wetu tulitoka shuleni na wazo hili: Kifaransa kiko na mapambo, Kiswahili kiko na maneno tu.

Nataka kusema kwamba katika mezali zetu sauti haiko pambo. Ni sehemu ya maana, na mwenye kuibadilisha amebadilisha jambo lenyewe. Hiyo inatuhusu zaidi sana sisi tunaokusanya maneno ya wazee na kuyaandika.

Kwanza tutofautishe mambo mawili. Kiswahili, sawa na lugha zingine za Kibantu, kinarudia sauti kwa sababu ya sarufi. Tukisema "kitabu kikubwa kimoja kimepotea", ile ki- inarudi mara ine. Vikiwa vingi tunaandika "vitabu vikubwa viwili vimepotea", na katika mazungumzo wengi watasema "bitabu bikubwa bibili bimepotea". Hapo hakuna ufundi wowote. Mugeni anaweza kufikiri tunaimba, kumbe tunatafuta vitabu. Ufundi unaanza pale musemaji anapochagua neno kwa ajili ya sauti yake, ao pale anapoipa ile sauti ya sarufi kazi ingine.

Tutazame mezali inayojulikana na wote: "Haraka haraka haina baraka." Haraka na baraka yanafanana kabisa isipokuwa konsonanti ya kwanza. Anayekimbia anafikiri yuko karibu kushika baraka, na kweli katika sauti yuko karibu, herufi moja tu. Lakini ile herufi moja hataivuka. Sasa mutu anaweza kusema, "Hapa kwetu tunasema mbio, tuandike mbio mbio haina baraka." Onyo linabaki, ni kweli. Lakini yale maneno mawili hayatazamani tena. Imekuwa shauri la kawaida, kama lile mama anampa mutoto anayetoka kwenda shuleni.

Tuchukue mezali mbili zingine zilizojengwa kwa namna moja. "Haba na haba hujaza kibaba", na "Bandu bandu huisha gogo". Zote mbili zinaanza kwa neno linalorudiwa, zote zinasema juu ya kidogo kidogo. Lakini ya kwanza inajenga na ya pili inabomoa. Katika ya kwanza unasikia ba, ba, ba, kama punje zinazoanguka katika kipimo, na neno la mwisho, kibaba, ambacho ni kipimo cha zamani cha nafaka, limejaa sauti ileile. Chombo kimejazwa mbele ya macho yako. Katika ya pili, bandu bandu ni shoka linalobandua kipande kimoja kimoja, kiisha linakuja gogo, neno zito, na mambo yamekwisha. Ukiandika "kukata kidogo kidogo kunamaliza muti", hujasema uongo. Lakini shoka limenyamaza.

Hata hivyo sisemi kwamba kila badiliko linaua. Pale kibaba hakijulikani sokoni, mutu anaweza kusema "kidogo kidogo inajaza kopo". Ba zimekwenda, lakini k imekuja mahali pake, na kopo ni kitu tunachokiona kila siku. Huyo amepoteza sauti moja akatafuta ingine. Amefanya kazi kwa sikio, na ninamukubali.

Kuna mezali ambayo ilinifundisha kwamba jambo hili linaweza kuwa zito. "Kikulacho ki nguoni mwako." Kuna ki- mwanzoni na ki tena katikati, na hakuna jina lolote. Kitu gani kinakula? Haisemwi. Kufwatana na sarufi ni kitu, ni kidudu kama chawa, haiko mutu. Ndiyo hekima yake. Muzee anaweza kuitamka katika kikao cha ukoo na kila mumoja akatazama nguo zake mwenyewe.

Niliona kikao kimoja cha namna hiyo, juu ya parsele iliyoachwa na marehemu na makaratasi yake ambayo hayakuonekana. Muzee alitoa mezali hiyo, akanyamaza, na wote wakanyamaza. Kijana mumoja akataka kuifasiria kwa lugha ya kila siku. Akasema: "Ni kusema, ule mwenye anakukula iko mu nguo yako." Palepale baba mudogo wake akasimama: "Ule nani? Mutaje!" Kikao kikavunjika, ikabidi kuitwa kingine. Kijana hakuongeza habari hata moja. Alibadilisha sauti mbili tu, ki ikawa ule mwenye, na kile kitu kikawa mutu. Onyo likageuka mashitaka.

Hata majina ya mashujaa wetu yanafanya kazi hiyo. Wanyanga wa Kivu ya Kaskazini wako na hadithi ndefu ya Mwindo. Muzee Candi Rureke aliisimulia mwaka 1956, na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliitoa katika kitabu mwaka 1969, kwa Kinyanga na Kiingereza. Mwindo anaitwa pia Kabutwakenda, maana yake kadogo kaliyezaliwa na palepale kakatembea. Sikiliza jinsi ile ka ya udogo inavyofungua jina na jinsi k inavyorudi kabla pumzi haijakatika. Kuzaliwa na kutembea vimeingia katika neno moja, hakuna nafasi katikati, kama vile katika maisha yake hakukuwa na nafasi katikati. Ukifasiria kwa lugha ingine unahitaji maneno mengi, na katika maneno mengi mutoto amekwisha kukawia.

Basi, tuandike namna gani? Tuko na mufano hapa inchini. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya muji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, kwa Kiswahili cha watu wa kazi, bila kutafuta kibali cha kamusi. Johannes Fabian alipoitoa katika kitabu mwaka 1990, ilikuwa lazima kwanza maandiko yale yasomwe kwa sauti na mutu wa lugha ile, kwa maana jicho peke yake lilipotea. Sikio ndilo lililofungua maana.

Kuna walimu wataniambia: "Watoto wanahitaji Kiswahili sanifu, haiko kazi yetu kuwaandikia makosa." Wako na haki kwa upande mumoja. Ninajibu kwamba Kiswahili sanifu kiko na mahali pake, ni katika mafasirio. Mezali yenyewe iandikwe kama ilivyotoka katika kinywa cha muzee, hata kama ni bi- badala ya vi-, hata kama neno ni la kijiji kimoja tu. Chini yake tueleze maana, tutaje lugha, na tuseme inatumiwa wakati gani na mbele ya nani. Kiisha, mbele ya kupeleka karatasi kwenye mashine, mutu mumoja asome kwa sauti na muzee asikilize. Akitikisa kichwa, turudie kuandika.

Wazee wanaondoka, na tunachelewa. Lakini kuandika ovyo kwa sababu tunachelewa hakutasaidia wajukuu wetu: watapata mashauri mengi mazuri, na hawatajua kwa nini baba zao walinyamaza waliposikia.