Tulichosahau Tulipokwenda Hanang

Maafa yanapotokea mahali, sisi akina mama wa kanisa huwa wepesi kufungua kabati na kutoa. Hilo ni jema. Lakini safari zetu mbili za Hanang, mkoani Manyara, zimetufundisha kwamba mtu anaweza kutoa vingi na bado asisaidie inavyopasa.

Ukitoka Arusha unapita Makuyuni na Minjingu, kisha mashamba ya mpunga ya Magugu, hadi Babati penye ziwa lenye viboko. Hapo unaiacha barabara ya Dodoma, unashika ya Singida na kuupanda mlima wa Dareda. Huko juu hewa ni ya baridi, na mbele yako unatokeza mlima Hanang wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, umesimama peke yake katikati ya tambarare. Chini yake ndipo ulipo mji wa Katesh.

Asubuhi ya Desemba 3, 2023, Jumapili ya kwanza ya Majilio, wakati wengi wetu tukijiandaa kwenda ibadani, sehemu ya mlima huo ilimomonyoka. Hanang ni volkano ya zamani. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha, udongo na miamba dhaifu ikashiba maji, ikaporomoka kupitia makorongo. Tope, magogo na mawe makubwa vilishuka hadi Katesh na maeneo ya jirani kama Gendabi na Jorodom. Serikali ilihesabu vifo 89. Maelfu walipoteza nyumba, mashamba au mifugo.

Safari ya kwanza

Tulikwenda siku ya tisa, akina mama kumi na wawili, wawili kati yetu wauguzi. Basi dogo lilijaa marobota ya nguo hadi dirishani. Tulipokelewa na akina mama wa usharika wa pale, tukaanza kugawa nguo kwenye uwanja wa kanisa.

Tunaona haya kueleza yaliyokuwamo. Zilikuwamo blauzi nyepesi kwa watu wa nchi ya baridi, viatu vya visigino virefu, na suruali zisizo na vifungo. Mama mmoja mwenye mtoto mchanga alipekua robota zima akitafuta kanga ya kumbebea, akakosa. Msichana mmoja aliuliza kwa sauti ya chini kama tulikuwa na pedi. Hatukuwa nazo. Wala ndoo na sufuria hatukubeba, na watu wale walikuwa wamebaki bila chombo cha kuchemshia maji.

Jioni, dereva akiwa amewasha gari, bibi mmoja alikuja kuomba maji ya kunywa. Tangu asubuhi alikuwa amekaa chini ya mti, mabegani ana koti tulilompa. Tukamwamkia, akaitikia, lakini mwenzetu muuguzi aliona anayumba. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, hivyo mama mwenyeji akatutafsiria kutoka Kiiraqw. Dawa zake za shinikizo la damu zilikwenda na tope pamoja na nyumba, na mjukuu wake pia. Siku tisa hakumeza kidonge. Hakuwa kambini walipokuwapo wahudumu wa afya, bali alihifadhiwa kwa ndugu, na huko hakuna aliyemuuliza.

Mashine ya kupimia tulikuwa nayo. Ilikuwa garini tangu asubuhi, chini ya marobota. Tulipoipata na kumpima, ilisoma 210 kwa 120. Tukampeleka hospitali usiku ule, na kwa neema ya Mungu alipona. Tulipomuuliza kwa nini hakusema mapema, alijibu, "Wanangu, mlikuwa na kazi nyingi."

Njia nzima ya kurudi hakuna aliyeimba.

Tuliyojifunza

Kwanza, ulizeni kabla ya kufunga mizigo. Wapigieni simu akina mama wa kanisa la mahali penyewe, maana wao wanajua nani amelala wapi na nani hasemi shida yake. Toeni taarifa pia kwa ofisi ya kijiji au kamati ya maafa, ili msaada usirundikane upande mmoja na kukosekana mwingine.

Pili, waulizeni watu dawa zao, tena faraghani. Tope au mafuriko yakichukua nyumba, huchukua pia vidonge vya shinikizo, vya kisukari, vya kifafa na vya kufubaza virusi vya UKIMWI, pamoja na kadi za kliniki za wajawazito na watoto. Mtu haoni haya kuomba blanketi, lakini dawa nyingine huona haya kuzitaja mbele za watu. Usigawe dawa zako mwenyewe. Msindikize mgonjwa hadi kituo cha afya.

Tatu, mbebee mwanamke mwenzako kile ambacho ungekihitaji wewe: kanga, pedi, nguo za ndani mpya, sabuni, ndoo yenye mfuniko, sufuria, dawa ya kutibu maji na chumvichumvi za kuzuia upungufu wa maji kwa mtoto anayeharisha. Nguo kuukuu ambayo usingemvalisha mwanao, iache nyumbani.

Nne, rudini. Magari ya misaada huwa mengi mwezi wa kwanza, kisha hupungua, na huzuni haipungui kwa kasi hiyo.

Safari ya pili

Tulirudi Machi 2025. Serikali na Chama cha Msalaba Mwekundu walikuwa wamejenga nyumba zaidi ya 100 huko Waret kwa waliopoteza makazi. Safari hii tuliuliza kwanza, nasi tukabeba majembe, mbegu za mahindi na maharage, na sare za shule kwa vipimo tulivyotumiwa.

Bibi yetu tulimkuta mlangoni. Dawa zake zilikuwa ndani ya kopo la plastiki, limetundikwa juu karibu na mlango, "ili nikikimbia nilikamate." Tukiwa tunakunywa chai, mvua ilianza kupiga bati. Akanyamaza. Akainuka, akasimama mlangoni akitazama mlima, na mkono wake ulikuwa ukitetemeka.

Tulikumbuka marafiki wa Ayubu. Siku saba walikaa naye chini bila kusema neno, na hapo walifanya vyema. Walianza kukosea walipofungua vinywa. Basi hatukumwambia kwamba ni mapenzi ya Mungu, wala kwamba asahau. Mmoja wetu alimshika mkono, tukasimama naye wote mlangoni hadi mvua ilipokatika. Kisha akalitaja jina la mjukuu wake, akatusimulia habari zake kwa muda mrefu. Tulipoaga, alitufungia mbaazi ndani ya kitambaa.

Mama mwenzetu, huenda kwenu hakuna basi wala fedha za safari. Lakini katika mtaa wako yupo aliyebomokewa na mafuriko ya mwaka jana au aliyeunguliwa na nyumba. Vyombo alishapewa. Wiki hii nenda kwake mikono mitupu, ukae, umuulize kama usiku analala.